Kumbe 'beg the question' si kuomba swali: Kosa la tafsiri lililodumu zaidi ya karne nne

MIAKA mingi iliyopita, nikiwa mhariri chipukizi, nilipewa makala ya Kiingereza niyatafsiri yachapishwe katika jarida dogo la walimu. Mwandishi wake alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa maneno machache na sentensi fupi. Alikuwa akimjibu mtu fulani aliyeshikilia kwamba watoto wote wa darasa la kwanza, mjini na mashambani, wafundishwe kwa Kiingereza pekee kwa kuwa Kiingereza ndiyo lugha inayofaa kufundishia watoto. Mzee aliyaeleza madai hayo kwa uadilifu, bila kuyapotosha. Kisha akaandika sentensi ya maneno matano tu: "This argument begs the question." Akatia kikomo. Aya ikaishia hapo.

Niliikodolea macho sentensi ile. Nilijua kuwa "beg" ni kuomba na "question" ni swali. Tena msemo wenyewe haukuwa mgeni kwangu. Nilikuwa nimeusikia redioni na mikutanoni mara nyingi, na kila mara ulifuatwa na swali. Sasa swali la mzee li wapi? Nikajiambia kwamba labda alisahau kuliandika, uzee nao una mambo yake. Basi nikamsaidia. Nikaandika: "Hoja hii inazua swali: je, walimu wa kutosha wanaoimudu lugha ya Kiingereza wako wapi?" Nikajipongeza kwa kazi safi.

Jarida lilipotoka, mzee alifika ofisini mwenyewe. Hakugomba. Aliketi, akaufungua ukurasa ule na kuweka kidole kwenye sentensi.

"Kijana wangu," akaniuliza, "swali hili umelitoa wapi?"

"Mwalimu, niliona kama limesahaulika."

"Halikusahaulika. Halikuwepo. Mimi sikuuliza chochote. Nilisema kwamba yule bwana hajathibitisha lolote. Wewe umenifanya nimkubalie, halafu nianze kuhesabu walimu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee alisema kweli. Anayeuliza walimu watatoka wapi amekwisha kukubali kwamba jambo lenyewe ni jema, na kilichobaki ni utekelezaji tu. Kwa swali langu la kubuni nilikuwa nimemhamisha mzee kutoka upande wa wapinzani hadi upande wa wanaounga mkono, na nilifanya hivyo chini ya jina lake mwenyewe.

Tangu siku hiyo nimeufuatilia msemo huu kama mtu anayemdai mwenzake. Nimegundua kwamba kosa langu lilikuwa na babu na mababu. Waingereza wenyewe hukosea papo hapo nilipokosea, na sababu ni kwamba msemo wenyewe ulizaliwa kutokana na tafsiri mbovu. Hebu tuanzie mwanzo.

Mwanzo ni Ugiriki, karne ya nne kabla ya Kristo. Aristotle, aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 KK, aliandika vitabu kadhaa kuhusu mantiki na kanuni za kujadiliana. Mjadala katika zama zake haukuwa kama midahalo ya shule zetu, ambapo kila upande hupewa dakika zake uhutubu. Mmoja alikuwa mwulizaji, mwingine mjibuji. Mjibuji alishikilia msimamo fulani, na kazi ya mwulizaji ilikuwa kumwangusha kwa kumwomba akubali jambo moja baada ya jingine: je, wakubali hili? Na hili je? Akishakubali mambo ya kutosha, mwulizaji aliyaunganisha na kumwonyesha kuwa msimamo wake umeporomoka.

Katika mchezo huo, mwulizaji alikuwa na ruhusa ya kuomba akubaliwe mambo mengi. Jambo moja tu lilikuwa haramu kwake: kuomba akubaliwe kile kile walichokuwa wakibishania tangu mwanzo. Aristotle aliliita kosa hilo kwa Kigiriki "to en arkhe aiteisthai", yaani kujiombea kile cha mwanzoni. Ni kama mshtakiwa amwambie hakimu: "Mheshimiwa, kwanza tukubaliane kwamba mimi sikuiba. Tukishakubaliana, nitakuthibitishia kwamba sikuiba." Mahakama nzima itaangua kicheko.

Lakini si kila mara kosa hili huchekesha, kwa kuwa si kila mara huonekana. Katika kitabu chake kiitwacho Topics, Aristotle alitaja njia tano ambazo watu hulifanya. Kuhusu njia ya kwanza alitoa tahadhari ambayo sisi watumiaji wa Kiswahili tungeibandika ukutani. Alisema kuwa mtu akirudia dai lake kwa maneno yale yale, atagunduliwa upesi. Akilirudia kwa visawe, au kwa maelezo yenye maana ile ile, anaweza kupenya.

Sasa itazame lugha yetu ilivyojaliwa visawe, vingine vya Kibantu, vingine vya asili ya Kiarabu, vingine vya kwingineko. Mtu akisema, "Jambo hili ni halali kwa sababu ni halali," tutamwona punguani. Akisema, "Jambo hili ni halali kwa kuwa linaruhusiwa kisheria," tutatikisa vichwa kukubali, ilhali hajasema jipya. "Huyu ni kiongozi mwadilifu, kwani ni mtu mwaminifu asiyependelea." "Ushairi huu ni bora kwa sababu una ubora wa hali ya juu wa kisanaa." Nimesahihisha insha kwa miaka mingi, na ninakuhakikishia kwamba sentensi za aina hiyo hupata alama nzuri. Zina sauti ya hoja. Zina neno "kwa sababu" katikati. Ila kilicho upande wa kulia ni kile kile cha upande wa kushoto kilichobadilisha kanzu.

Mfaransa Molière aliucheka mtindo huu katika tamthilia yake Le Malade imaginaire ya mwaka 1673. Humo mwanafunzi wa udaktari anaulizwa kwa nini afyuni humlaza mtu. Anajibu, kwa madaha na kwa Kilatini cha kubabaisha, kwamba afyuni ina nguvu ya kulaza. Watahini wanamshangilia. Molière aliigiza tamthilia hiyo akiwa mgonjwa kweli, na alifariki baada ya onyesho la nne. Watahini wake wangali hai, hasa katika vyuo na ofisi.

Tumrudie Aristotle. Vitabu vyake vilisafiri kwa njia mbili. Njia moja ilikwenda mashariki, hadi Baghdad, ambako katika karne ya tisa na ya kumi wasomi walivitafsiri kwa Kiarabu. Wanamantiki wa Kiarabu, Ibn Sina akiwa mmoja wao, waliliita kosa letu "al-musadara ala al-matlub". Matlub ni kinachotafutwa, kinachotakiwa kuthibitishwa. Msomaji wa Kiswahili atalisikia hapo neno letu "matilaba", maana asili yake ni mzizi uo huo wa kutaka na kutafuta. Nalo neno "musadara" katika Kiarabu cha leo hutumika pia kwa kutwaa mali ya mtu kwa nguvu. Kwa hiyo anayeusoma msemo huo leo hupata picha ya mtu anayenyakua kile alichopaswa kukitafuta. Hata asiyesoma mantiki ataambulia kitu.

Njia ya pili ilikwenda magharibi, na huko ndiko mambo yalikoharibika. Boethius, mwanazuoni wa Roma wa karne ya sita, alitafsiri baadhi ya vitabu vya mantiki vya Aristotle kwa Kilatini. Katika karne zilizofuata wasomi wa Ulaya walizoea kuliita kosa hili "petitio principii". "Petitio" ni kuomba, lakini pia ni kudai, na katika lugha ya wasomi ni kulichukulia jambo kuwa limekubaliwa. "Principium" ni mwanzo. Ukimjua Aristotle, jina hilo linakutosha. Usipomjua, utajiuliza: kuomba mwanzo ndiyo nini? Zingatia kwamba kwa kila tafsiri neno lilibaki ila tukio lililolizaa, yaani ule mchezo wa mwulizaji na mjibuji, liliachwa nyuma. Ni kama kurithi ufunguo bila kuonyeshwa mlango.

Kisha Waingereza wakaja na ufunguo huo nyumbani kwao. Walitazama "petitio" wakachagua "beg", kuomba kwa kunyenyekea, badala ya kudai. Walitazama "principium" wakaandika "question". Mfano wa mapema kabisa unaotajwa na kamusi kuu ya Oxford ni wa mwaka 1581, na mahali ulipotamkwa hapakuwa darasani. Palikuwa gerezani, ndani ya Tower of London.

Mfungwa alikuwa Edmund Campion, padri wa shirika la Wajesuiti, msomi aliyewahi kusifika Oxford. Huo ulikuwa wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, ambapo ugomvi wa Wakatoliki na Waprotestanti ulikuwa pia ugomvi wa dola. Campion alikuwa ameandika kijitabu cha Kilatini cha hoja kumi akiwaalika wasomi wa Kiprotestanti kwenye mjadala. Kilichapishwa kwa siri, na mwezi Juni mwaka 1581 nakala zake zilikutwa zimetandazwa kwenye viti vya kanisa la St Mary's huko Oxford. Mwezi uliofuata alikamatwa. Aliteswa kwa mashine ya kunyoosha viungo. Kisha, kati ya mwisho wa Agosti na mwisho wa Septemba, akaletwa mara nne mbele ya wasomi wa upande wa serikali kujadiliana nao.

Huo haukuwa mjadala wa watu sawa. Wapinzani wake walikuwa na vitabu na wakati wa kujiandaa, ilhali yeye hakuwa navyo. Wao ndio waliouliza, kazi yake ilikuwa kujibu. Unaona jinsi ule mchezo wa Kigiriki ulivyorejea, safari hii mmoja wa wachezaji akiwa ametoka mateso. Ni katika kikao cha nne ambapo mmoja wa wapinzani hao alimwambia Campion kwamba bado anaendelea "to beg the question". Alimaanisha hivi: unajibu kwa kutegemea lile lile tunalolibishania. Campion alishtakiwa kwa uhaini mwezi Novemba, akanyongwa na kukatwakatwa huko Tyburn tarehe 1 Desemba mwaka huo huo. Miaka minne baadaye, mwaka 1585, sheria mpya ilipitishwa iliyofanya padri wa aina yake kuwa mhaini kwa kupatikana tu nchini. Hapo hakuna aliyehitaji tena kuthibitisha uhaini wa mtu. Padri ni mhaini kwa sababu ni padri. Dai na ushahidi vikawa kitu kimoja, tena kwa muhuri wa bunge.

Naisimulia habari hii si kwa ajili ya kumtetea mtu wala dhehebu. Nataka tuone kwamba msemo huu haukuanza kama pambo la wasomi. Ulikuwa jina la hila inayoweza kumgharimu mtu maisha. Mwenye jina la hila huweza kuinyooshea kidole, na asiye na jina hubaki kuhisi tu kwamba kuna kitu hakiko sawa.

Sasa tulichambue neno lililoniponza. Katika lugha ya wasomi wa zamani, "question" halikuwa ulizo lenye kiulizi mwishoni. Lilikuwa jambo lililowekwa mezani lijadiliwe. Maana hiyo bado inaishi katika Kiingereza cha mabunge, letu likiwemo. Spika anapowaambia wabunge kuwa anaweka "the question" mbele yao, hawaulizi chochote. Anawataka wapige kura kuhusu hoja iliyojadiliwa. Kadhalika msemo "out of the question" hapo awali ulimaanisha nje ya mada, kabla haujafikia maana ya leo ya jambo lisilowezekana kabisa.

Na hapa, wasomaji wapenzi, Kiswahili kinawashinda Waingereza kwa mbali. Sisi tunayo maneno mawili, ndugu wa toka nitoke, yote ya asili ya Kiarabu: swali na suala. Swali huulizwa likajibiwa. Suala hujadiliwa likatatuliwa. Nimewahi kuandika katika ukurasa huu dhidi ya wanaoyachanganya, wanaosema "ana suala la kuuliza" au "swali la ardhi halijatatuliwa". Baadhi yenu mlinijibu kuwa ninatafuta nzi kwenye maziwa. Basi tazameni yaliyompata asiye na tofauti hiyo. Laiti Mwingereza wa mwaka 1581 angekuwa na neno moja la swali na jingine la suala, huenda msemo wake usingepotea njia. Na laiti mimi ningekumbuka kuwa "question" huweza kuwa suala, nisingemtungia mzee swali.

Msemo ulipotoka katika vyuo na kuingia mitaani, wasiosoma mantiki walifanya kile ambacho binadamu yeyote hufanya akikutana na maneno asiyoyaelewa. Waliyapa maana inayoelekea kufaa. Kundi moja lilidhani ni kulikwepa swali. Kundi jingine, kubwa zaidi siku hizi, lilidhani ni jambo linalolilia swali, jambo linalofanya swali fulani lisiepukike kuulizwa. Ukitazama maneno yenyewe, kundi hili la pili lina haki zaidi kuliko wasomi! "Beg" ni kuomba na "question" ni swali. Jambo linaloomba swali ni jambo linalotaka kuulizwa. Waliokosea walikuwa waaminifu kwa maneno. Waliopatia walikuwa waaminifu kwa historia ambayo maneno hayaionyeshi.

Walinzi wa lugha hawakunyamaza. H. W. Fowler, katika kamusi yake maarufu ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, aliieleza maana ya kimantiki na kutolea mfano mtu anayesema kuwa kuwinda mbweha si ukatili kwa sababu mbweha mwenyewe hufurahia. Mfano mtamu, kwa kuwa kinachobishaniwa ni iwapo mbweha huumia, na mwindaji amejipa jibu. Hata hivyo, mafuriko hayazuiwi kwa ungo. Kamusi kubwa za leo, ikiwemo Merriam-Webster, zinaorodhesha maana zaidi ya moja. Mwaka 2010 mwanaisimu Mark Liberman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, baada ya kuichunguza historia hii, alipendekeza kwamba mwandishi mwangalifu auepuke msemo huu kabisa. Ukiutumia kwa maana ya zamani, wengi hawatakuelewa. Ukiutumia kwa maana mpya, wachache watakudharau.

Mimi naafikiana naye kwa kiasi fulani, ila najua wasomaji wangu wengi huandika Kiingereza kazini kila siku: ripoti, barua, tasnifu, hukumu. Kwa hiyo nitoe mwongozo mfupi.

Kipimo cha kwanza ni kikomo. Kwa maana ya kimantiki, msemo hujitosheleza na hakuna swali linalofuata. Sentensi kama "To say that the rule is fair because it is the rule begs the question" ni sahihi. Imeishia hapo, na imeonyesha hoja inayolaumiwa ni ipi. Ukiona msemo umefuatwa na koloni na kiulizi, kama katika "The minister has resigned, which begs the question: who will replace him?", ujue ni maana mpya. Katika maandishi rasmi andika "raises the question" na hakuna atakayekubishia.

Kipimo cha pili ni kiima. Kinacho-"beg the question" kimantiki ni hoja, jibu, maelezo au mtu anayetoa hoja. Kujiuzulu kwa waziri si hoja. Mvua si hoja. Daraja lililoporomoka si hoja. Vitu hivyo huzua maswali, havifanyi makosa ya mantiki.

Kipimo cha tatu ni ukwepaji. Mtu akiulizwa kuhusu fedha naye akaanza kusimulia ukame, hajatenda kosa la Aristotle. Kwa Kiingereza sema "evaded the question". Kwa Kiswahili, sema kazunguka mbuyu.

Na iwapo unataka kuilaumu hoja kwa kosa lenyewe, lakini unahofu kutoeleweka, waweza kuandika kwamba hoja hiyo "assumes what it sets out to prove". Maneno ni mengi zaidi, ila hata mhariri chipukizi hawezi kuyakosea.

Nimebakiza upande wetu. Tunapotafsiri Kiingereza, tumezoea kunyakua umbo na kuacha maana. Ndiyo maana mikutano yetu siku hizi "inachukua nafasi" badala ya kufanyika, na kila mzungumzaji hufikia tamati kwa "mwisho wa siku" hata kama ni saa tatu asubuhi. Tukiyaona hayo tunadhani ni makosa madogo ya vijana. Msemo niliousimulia unatuonya kuwa tafsiri sisisi haifi na aliyeitenda. Mtafsiri mmoja aliyechoka, au aliyekuwa na haraka, au aliyedhani kila msomaji wake amemsoma Aristotle, anaweza kuwaachia wajukuu wa wajukuu zake kitendawili kisicho na jibu.

Tena hasara kubwa si ya msamiati. Hila yenyewe ingali inatumika miongoni mwetu kila siku, nasi hatuna jina lake lililozoeleka. Mara ngapi umesikia kwamba Kiswahili hakifai kufundishia sayansi kwa sababu sayansi si somo la Kiswahili? Kwamba mgombea fulani hawezi kushinda kwa kuwa si mtu wa kushinda? Kwamba mshukiwa lazima ana hatia, maana polisi hawamkamati mtu asiye na hatia? Tunayo methali inayokaribia: kesi ya nyani, hakimu ngedere. Inayo pia nyingine isemayo mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini methali hizo zinamlenga mtu na upendeleo wake. Kosa hili limo ndani ya hoja yenyewe, na hata mtu mwema asiye na upendeleo huweza kulitenda.

Katika vitabu vya mantiki nimekuta watu wakisema "hoja ya mzunguko" au "hoja duara". Si vibaya, ila mzunguko huhitaji angalau hatua mbili: nathibitisha hili kwa lile, kisha lile kwa hili. Kosa la Aristotle laweza kutendwa kwa hatua moja. Nami nimelitafutia tafsiri kwa muda mrefu, mpaka nilipogundua kuwa kitenzi alichokitumia yule Mgiriki kilikuwa na umbo la kujitendea: si kuomba tu, bali kujiombea. Kilatini kililipoteza umbo hilo. Kiingereza hakikulipata kamwe. Sisi tunalo, silabi moja tu, "ji".

Mzee yule alikwisha kwenda mbele ya haki, na sikuwahi kumwonyesha kazi iliyorekebishwa. Iwapo ningepewa tena makala yake leo, nisingegusa swali wala kuomba. Ningeandika: "Hoja hii inajipa kile ilichopaswa kuthibitisha." Kisha ningetia kikomo, na kuiacha aya iishie hapo alipoiachia mwenyewe.